Kabla ya mtungi wa oksijeni kuna kidevu

Siku ya kwanza ya mafunzo ya wahudumu wa dharura mtungi wa oksijeni huuficha nyuma ya mlango. Hakukosi mwanafunzi wa kuuliza uko wapi. Huyo ndiye ninayemwambia alale chali sakafuni, alegeze taya, akorome. Wenzake hucheka, na mimi huanza kufundisha.

Mkoromo ni sauti ya ulimi. Mtu akipoteza fahamu misuli ya taya na koo hulegea, na akiwa chali ulimi pamoja na nyama laini za koo hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Watu husema "amemeza ulimi". Ulimi haumezeki, umeshikamana na taya la chini, na hiyo ndiyo bahati yetu: ukilisogeza taya mbele, ulimi unalifuata. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kirudi nyuma, kidevu kiinuke. Nimesema mfupa. Ukibonyeza ile nyama laini ya chini ya kidevu unausukuma ulimi kulekule unakotaka kuutoa.

Usiku mmoja nilifika kwa mgonjwa nikakuta wenzangu wawili wamenitangulia. Mgonjwa chali, midomo imeanza kugeuka rangi, barakoa ya oksijeni usoni, mtungi umefunguliwa lita 15 kwa dakika, na mmoja wao anahangaika na betri za kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Mkoromo niliusikia tangu mlangoni. Nilipiga magoti upande wa kichwa, nikainua kidevu. Mkoromo ukakatika, kifua kikajaa, na baada ya muda mfupi midomo ikaanza kurudi rangi yake. Oksijeni yote ile ilikuwa ikipiga nje ya mlango uliofungwa.

Jambo rahisi namna hii lilichelewa kufahamika. Hadi miaka ya 1950 waokoaji walifundishwa kumlaza mtu kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumwinua mikono ili hewa iingie na kutoka. Peter Safar, daktari wa nusukaputi aliyekuwa Baltimore, Marekani, alizipima njia hizo kwa watu waliojitolea kupewa dawa za usingizi na za kulegeza misuli hadi wasiweze kupumua wenyewe. Kukandamiza mgongo kuliingiza hewa kiduchu, mara nyingi hakuna kabisa, kwa kuwa koo lilikuwa limeziba. Kurudisha kichwa nyuma na kupuliza kwa mdomo kulijaza mapafu. Naye James Elam alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba pumzi tunayoitoa bado inafaa: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na ile tunayoitoa ina kama 16 au 17.

Kwenye ajali, ukiitilia shaka shingo, usirudishe kichwa. Weka vidole nyuma ya pembe za taya, chini kidogo ya masikio, usukume taya mbele kichwa kikiwa kimetulia. Ikishindikana na hewa haipiti, rudisha kichwa hivyohivyo, kwa upole. Nimewaona watu wakiilinda shingo huku mwenye shingo anaishiwa pumzi, na ubongo huanza kuharibika katika dakika 4 hadi 6 bila oksijeni. Kwa mtoto mchanga ni kinyume cha mazoea: kisogo chake ni kikubwa, akilala chali kidevu kinaangukia kifuani, na ukimrudisha kichwa kupita kiasi unaiziba njia tena. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinamweka sawa.

Baada ya mikono yanakuja masikio, na hapa ndipo ningependa mtu akae muda mrefu kuliko vitabu vinavyomruhusu. Kila sauti ina makao yake. Mlio wa kububujika, kama maji kwenye chupa, ni majimaji kooni: damu, matapishi au mate. Usipulize hewa juu yake, utayasukuma mapafuni. Mgeuze ubavu, au tumia mashine ya kufyonza, ukifyonza wakati wa kuutoa mrija na si wakati wa kuuingiza, na kwa mtu mzima usizidishe sekunde 15 kwa mkupuo mmoja, maana unapofyonza matapishi unafyonza na hewa. Mlio mkali wa kukwaruza mtu anapovuta pumzi ndani uko juu, karibu na zoloto: mzio mkali, uvimbe wa koo, kitu kilichonasa. Miluzi anapotoa pumzi iko chini kwenye matawi ya mapafu, na wengi wao ni watu wa pumu.

Halafu kuna kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na sijui kama waliwahi kumwona mgonjwa wa pumu. Yule aliyekuwa akipiga miluzi, ameshika magoti, anaongea neno moja moja, ghafla ananyamaza na macho yanaanza kulegea. Mhudumu mgeni anashukuru kwamba dawa imefanya kazi. Kumbe hewa inayopita imekuwa ndogo kiasi kwamba haitoi hata mlio. Huyo amechoka, na anahitaji kusaidiwa kupumua sasa hivi.

Aliyepaliwa naye ni hivyohivyo. Maadamu anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yako. Kikohozi kikikosa sauti, mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, kisha simama nyuma yake umkandamize tumbo mara 5 kwa kuvuta ndani na juu, na uendelee kubadilishana. Mjamzito mkandamize kifua, si tumbo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumbo haliguswi: mapigo 5 ya mgongo kichwa kikiwa chini, kisha mikandamizo 5 ya kifua. Akizimia, mlaze uanze kushindilia kifua, na kila kabla ya kupuliza chungulia mdomoni. Toa unachokiona tu. Kidole kinachopapasa gizani hukididimiza kitu zaidi.

Sauti moja imetudanganya wengi. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kutweta, pumzi moja ya ghafla, kimya, kisha nyingine, taya linapanda kama la samaki. Ndugu husema "bado anapumua". Hizo ni pumzi za kukata roho. Kama hana fahamu na hapumui kawaida, na ndani ya sekunde 10 hujaona mapigo ya kukuridhisha, shindilia kifua.

Sasa mfuko wa kupumulia, ule unaobinywa kwa mkono kupeleka hewa kwenye barakoa. Ulimi ukishaondoka njiani, adui wa pili ni mkono wetu wenyewe. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoushambulia mji wa Copenhagen, wanafunzi wa udaktari walikaa zamu kwa zamu wakiwapumulia wagonjwa kwa kubinya mifuko kwa mkono, siku baada ya siku. Mwaka 1956, hukohuko Denmark, Holger Hesse na Henning Ruben wakatoa mfuko unaojaa wenyewe hata bila mtungi, ule ambao hadi leo tunauita Ambu. Wanafunzi wale walikuwa na kitu ambacho sisi barabarani hatuna: utulivu.

Mfuko wa mtu mzima unabeba kama lita moja na nusu. Mgonjwa anahitaji mililita 500 hadi 600, yaani kama theluthi moja tu. Binya kwa sekunde 1, tazama kifua kikianza kupanda, acha. Kama ana mapigo ila hapumui, pumzi moja kila sekunde 6. Mtoto kila sekunde 2 hadi 3. Unaposhindilia kifua kwa mtu mzima, mishindilio 30 kwa pumzi 2. Lakini mtu akiogopa, mkono wake unafuata mapigo ya moyo wake yeye. Nimewahi kuhesabu mwenzangu akibinya zaidi ya mara 30 kwa dakika, na naye angeapa kwamba alikuwa akienda polepole. Hewa hiyo haiishii mapafuni. Inateremka kwenye umio, tumbo linavimba, matapishi yanapanda. Inayobaki kifuani nayo inajaza shinikizo, damu inayorudi moyoni inapungua. Tangu hapo nahesabu kwa sauti, hata mbele ya ndugu wa mgonjwa: puliza, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Barakoa isipoziba vizuri hakuna hesabu itakayosaidia. Kosa ni kuishindilia barakoa usoni. Unachotakiwa ni kuuinua uso uifuate barakoa, taya likiwa limevutwa juu. Mkono mmoja huchoka upesi. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine abinye. Meno ya bandia yaliyokaa imara yaache, mashavu bila meno huporomoka. Kibomba cha Guedel, kile cha mdomoni kinachouzuia ulimi, kipime kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, na kiwekwe kwa asiye na fahamu kabisa. Akianza kutaka kutapika, kitoe. Kwa huyo kibomba cha puani kinafaa, isipokuwa ameumia vibaya usoni au fuvuni.

Kipimo cha kidoleni nakipenda, ila kinachelewa kuliko macho, hukwama kwenye vidole vya baridi, na kwa aliyevuta moshi wa moto au jiko la mkaa kinasoma namba nzuri huku damu imejaa monoksidi ya kaboni. Lenga asilimia 94 hadi 98, na kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu 88 hadi 92. Aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini na anapumua mara 4 kwa dakika, mpumulie kwanza. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya afyuni, itamkuta ana oksijeni.

Unapomkabidhi mgonjwa, taja saa ulipoanza kumpumulia, sauti ulizosikia, na kama alitapika. Mimi nimewahi kubinya mfuko kwa pupa hadi mgonjwa akatapika ndani ya barakoa. Tulimgeuza, tukafyonza, tukafika. Kwenye makabidhiano nilitaja shinikizo la damu, nilitaja namba ya kidoleni, matapishi sikuyataja kwa aibu. Nilikuwa nimeshatoka nje nikarudi ndani, nikamtafuta nesi aliyempokea, nikamwambia: "Dada, alitapika, na nadhani mengine yaliingia mapafuni." Akaandika bila kuniangalia, kisha akaita daktari aje asikilize upande wa kulia wa kifua.