Kwa nini kemo hunyonyoa nywele, na kwa nini tunasubiri siku 21

Wagonjwa wengi wanaofika kwenye dirisha letu la famasia hapa Dar es Salaam hawaulizi kama kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa, itaua uvimbe. Wanauliza kuhusu nywele. Mama mmoja alisogeza mtandio kidogo, akanionyesha kichwa kilichobaki na vishungi viwili vitatu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, hii dawa si imenizidi nguvu?"

Haikumzidi. Dawa ilifanya kwenye mashina ya nywele kilekile inachofanya kwenye uvimbe. Ili kuelewa hilo, inabidi tuitazame seli inapogawanyika.

Kwanza seli hukua na kutengeneza protini. Kisha hunakili DNA yake yote, yaani maelekezo ya urithi yaliyofungwa kwenye kromosomu 46, na kuzikagua nakala. Mwisho hugawanyika, na hapa ndipo mimi huchelewa kuinua macho kwenye hadubini. Kromosomu hujikunja zikawa fupi na nene. Nyuzi nyembamba za protini hutoka pande mbili, huzishika, huzipanga katikati ya seli, kisha huzivuta: 46 huku, 46 kule. Kwa seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko mzima huchukua kama saa 24, na huko kuvutana ni takriban saa moja tu.

Kila dawa ina mahali pake pa kupiga. Methotreksati huinyima seli malighafi ya kunakili DNA. Doksorubisini, ile nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, husababisha DNA kukatika. Vinkristini hutoka kwenye mmea wa asili ya Madagaska, ule wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano unaopandwa kwenye bustani nyingi za mji huu. Yenyewe huzuia nyuzi zile zisiundike. Kromosomu zimeshajikunja, lakini hakuna cha kuzipanga wala kuzivuta. Seli inakwama palepale, na nyingi hufa.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayoijua saratani kwa sura. Anayegawanyika ndiye anayeumia. Nywele karibu tisa katika kila kumi kichwani ziko kwenye hatua ya kukua, ndiyo maana huanza kudondoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Utando wa mdomo na utumbo hujitengeneza upya ndani ya siku chache, ndiyo vidonda vya mdomo na kuhara. Na uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, haupumziki usiku wala mchana.

Basi mbona vinkristini huleta ganzi vidoleni, na seli za neva hazigawanyiki? Ni kwa sababu nyuzi zilezile zina kazi nyingine ndani ya neva: ndizo reli za kusafirishia mahitaji kutoka mgongoni hadi ncha ya kidole cha mguu, safari inayofika kama mita moja kwa mtu mzima. Neva ndefu ndizo huathirika mwanzo.

Watu wengi husema kemo huua saratani kwa sababu saratani ndiyo inayogawanyika kwa kasi kuliko seli zote. Si kweli. Limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya tezi, ni kweli huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini uvimbe mwingi wa kawaida huchukua miezi, huku uboho ukizalisha mabilioni ya seli kila siku. Mbona basi uboho hunyanyuka tena, na uvimbe ukasinyaa?

Tofauti kubwa iko kwenye breki. Mwaka 1988, watafiti Leland Hartwell na Ted Weinert walionyesha jambo hili kwa hamira, ileile ya kuumulia maandazi. Hamira iliyopigwa mionzi ilisimama kugawanyika hadi ikarekebisha DNA yake. Ile iliyokosa jeni moja, RAD9, haikusimama: iligawanyika na DNA iliyovunjika, ikafa. Kwetu binadamu, protini ya p53 ni sehemu ya breki hiyo, nayo imeharibika katika takriban nusu ya saratani. Seli yenye afya husimama na kujitengeneza. Ya saratani mara nyingi hujiingiza kwenye kugawanyika na majeraha yake. Ila kuna upande mchungu: p53 hiyohiyo ndiyo huiamuru seli iliyoharibika sana ijiue, hivyo baadhi ya saratani zilizoipoteza huwa sugu kwa dawa.

Ndiyo maana dozi nyingi huachana siku 21. Seli nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha uboho huzirudisha. Ukiambiwa damu bado iko chini, rudi wiki ijayo, hujanyimwa dawa. Uboho wako unamalizia kazi.

Na katika siku hizo za chini, homa ya nyuzi 38 si ya kumeza panadoli na kulala. Si ya kupima malaria dukani ukasubiri kesho pia. Hata malaria ikionekana, bakteria wanaweza kuwa wameshaingia kwenye damu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba uko kwenye kemo na ulichomwa dozi ya mwisho lini.