Kikomo cha kipato cha Medicaid hakihesabu pesa zilizolala benki

"Mama ana dola elfu arobaini benki, kwa hiyo kipato chake kimezidi, Medicaid hawatamlipia." Nimeshaisikia kauli hii mara nyingi mno kutoka kwa Waswahili wenzangu wa Marekani, na wengine wanafanya kazi humohumo kwenye nyumba za wazee, wanaowaogesha na kuwalisha wazee ambao Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu na matunzo watu wenye uwezo mdogo, inawalipia. Basi tuliweke sawa.

Kikomo cha kipato ni kiasi cha juu ambacho mtu anaruhusiwa kuingiza kwa mwezi na bado akakubaliwa kulipiwa na Medicaid matunzo ya muda mrefu, iwe ni kukaa nyumba ya wazee au kuletewa msaidizi nyumbani. Kwa mwaka 2026, majimbo mengi yanatumia dola 2,982 kwa mtu mmoja. Hiyo ndiyo maana yake, haina zaidi. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, tuiweke kando, maana nayo huchanganywa humu: yenyewe hulipia kituo cha wauguzi kwa muda tu baada ya kulazwa hospitali, mwisho siku 100, na si kumtunza mtu miaka nenda rudi.

Hiyo 2,982 haikuokotwa. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha SSI, malipo ya kila mwezi kwa wazee, wasioona na wenye ulemavu ambao hawana kitu, na malipo yakaanza Januari 1974. Kikomo cha matunzo ya muda mrefu kimefungwa kwenye SSI: serikali kuu inaruhusu jimbo kwenda hadi mara tatu ya malipo hayo. SSI ya mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 994. Zidisha kwa tatu. Mwaka 2025 ilikuwa 967, kikomo kikawa 2,901. Kila Januari namba inasogea pamoja na gharama za maisha, kwa hiyo karatasi aliyokutumia shangazi kwenye WhatsApp miaka miwili iliyopita ifute.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Kipato ni kile kinachoingia ndani ya mwezi: Social Security (malipo ya uzeeni ya serikali kuu), pensheni, kodi ya nyumba uliyopangisha. Mali ni kile ulicho nacho mwezi mpya unapoanza. Dola ileile hubadilika. Pensheni iliyoingia tarehe 3 Machi ni kipato cha Machi; kitakachobaki kwenye akaunti tarehe 1 Aprili kimeshakuwa mali, na hakihesabiwi tena kama kipato. Mali ina kikomo chake peke yake, ambacho kwa majimbo mengi ni dola 2,000 kwa mtu asiye na mwenzi, na mara nyingi nyumba anayoishi na gari moja haviingizwi kwenye hesabu. Kwa hiyo yule mama mwenye elfu arobaini benki hana tatizo lolote la kipato. Ana tatizo la mali.

Utaniambia ni mambo ya maneno tu. Siyo. Familia inayodhani tatizo ni "kipato" hukimbilia kugawa: elfu kumi kwa huyu, elfu kumi kwa yule, gari kwa mjukuu. Wanaandika hundi wakiamini wanashusha kipato cha mama, na kipato hakishuki hata senti, kwa sababu Social Security yake ni ileile. Walichokifanya ni kutoa mali bure, na hilo jimbo linaliangalia: majimbo mengi hurudi nyuma miezi 60 kukagua nani alipewa nini. Kiasi kilichotolewa kinagawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi ya nyumba ya wazee katika jimbo hilo, na jibu ndiyo miezi ambayo Medicaid haitalipa. Adhabu yenyewe haianzi siku hundi ilipoandikwa. Inaanza siku mzee ameshahitaji matunzo na ameshatimiza masharti mengine yote, yaani wakati ambao hana hela tena. Waliopewa nao, kama tujuavyo, wameshazitumia.

Upande wa pili wako wenye tatizo la kipato kwelikweli na hawajijui, kwa sababu wanaangalia kilichoingia benki. Kikomo kinapimwa kabla ya makato. Chukua mzee anayeona dola 2,200 za Social Security na 600 za pensheni, jumla 2,800. Anajiona yuko salama. Lakini Social Security yake imekatwa dola 202.90 za Medicare Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, kabla haijamfikia. Jimbo linasoma 3,002.90. Amezidi kwa dola 20 na senti 90.

Hapo ndipo watu husema basi imekwisha. Haijaisha. Kuna majimbo, kama New York na Minnesota, yanayomruhusu mtu kutumia ile ziada kulipia matibabu yake mpaka afikie kiwango cha jimbo. Kuna mengine, Texas na Florida miongoni mwao, ambayo hapo mwanzo yalikuwa hayana huruma: umezidi dola moja, umekataliwa, hata kama nyumba ya wazee inadai mara mbili ya kipato chako. Mwaka 1990 mahakama ya serikali kuu huko Colorado, katika kesi ya Miller dhidi ya Ibarra, ilikubali kipato kilichowekwa kwenye mfuko wa amana kisihesabiwe, na mwaka 1993 Bunge likaliingiza jambo hilo kwenye sheria. Ndiyo maana hadi leo watu husema Miller Trust. Kipato kinapitishwa kila mwezi kwenye akaunti maalumu yenye msimamizi, na mzee anahesabiwa kuwa yuko chini ya kikomo. Tafadhali msiweke humo akiba ya mama. Mfuko huo ni wa kipato. Zile elfu arobaini hazifichiki ndani yake.

Kuhusu mume na mke nitapita haraka, maana ni somo zima. Mmoja akiingia nyumba ya wazee, kipato chenye jina la anayebaki nyumbani hakihesabiwi kwa mgonjwa. Hilo lilitoka kwenye sheria ya mwaka 1988, iliyotungwa ili mwenzi mmoja asifilisike kwa ugonjwa wa mwingine. Mali zao, hata hivyo, huhesabiwa kwa pamoja, na aliyebaki huachiwa sehemu yake kwa kipimo kingine kabisa.

Jambo moja zaidi, kwa wale wanaosema "mradi asizidi 2,982, hela zake anabaki nazo". Habaki nazo. Kikomo kinaamua nani anaingia tu. Akishaingia nyumba ya wazee, karibu kipato chake chote kinakwenda kulipia kituo na Medicaid inajazia. Anaachiwa ya matumizi madogo, sabuni, simu, kunyoa. Sheria ya serikali kuu inataka isipungue dola 30 kwa mwezi, na majimbo mengi huongeza, mengine kwa uchoyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujawaambia wenzio kwamba mama "amezidi kipato", fungua ile barua ya jimbo usome sababu waliyoandika. Ikitaja salio la benki, shamba au bima ya maisha, hilo ni suala la mali, na mtu wa kuulizwa ni wakili wa mambo ya wazee kabla hundi yoyote haijaandikwa. Ikitaja malipo ya kila mwezi, ulizia Miller Trust au utaratibu wa jimbo lako. Na barua hiyohiyo huwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, mara nyingi chini kabisa, kwa herufi ndogo.