Je, wajua kwa nini Kasparov hakuweza kuuvunja "Ukuta wa Berlin"?

Mwaka 2000 jijini London, Garry Kasparov alipoteza taji la dunia la sataranji bila kushinda hata mchezo mmoja kati ya 15. Vladimir Kramnik alishinda miwili, 13 ikaisha kwa sare. Katika minne kati ya sare hizo, Kramnik alijikinga kwa ufunguzi (mpangilio wa hatua za kwanza) uitwao Ulinzi wa Berlin, ndio huo "Ukuta".

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sare za namna hii ni za wachezaji wanaoogopana. Katika ufunguzi huu malkia wote wawili wameondoka ubaoni kufikia hatua ya 8, sasa vita iko wapi? Nilikosea sana. Mfalme mweusi amebaki katikati ya ubao na hawezi tena kujificha pembeni kwa ile hatua maalumu ya mfalme na ngome. Tena, ukiondoa kete zote ukaacha wafalme na askari peke yao, kwa kawaida mwenye nyeupe hushinda. Kwa hiyo mwenye nyeusi anajitia mwenyewe mahali ambapo kila kete inayobadilishwa yaweza kumsogeza kwenye kushindwa. Mwoga hachagui njia hiyo.

Siri iko kwa askari. Kila upande unao 7. Mwenye nyeusi ana wawili waliopangana mstari mmoja, kama watu wawili kwenye mlango mwembamba: wa nyuma hapiti mpaka wa mbele aondoke. Mwenye nyeupe hana kasoro hiyo, na upande wa mfalme ana askari 4 dhidi ya 3. Mmoja wao anaweza kupenya.

Lakini faida hiyo aliinunua. Katika hatua ya 6 alimtoa kwa kubadilishana askofu wake wa miraba myeupe (atembeaye kwenye miraba hiyo tu) ili kuwavuruga askari wa mpinzani. Askari wake aliyetangulia mbele anasimama kwenye mraba mweusi na kulinda miraba myeusi tu. Mraba ulio mbele yake ni mweupe, na kete nyeusi ikikaa pale, hakuna tena askofu wa kuifukuza. Ni kama kuuza shoka ili ununue shamba la msitu. Kinachonivutia hasa ni hiki: badilishano lilelile lililompa ubora ndilo lililomnyima chombo cha kuutumia.

Hakuna aliyethibitisha kihesabu kwamba hali hii lazima iishe kwa sare. Mwaka 2014 mjini Sochi, Magnus Carlsen, akiwa na nyeupe, alimshinda Viswanathan Anand katika ufunguzi huuhuu, mchezo wa 11, akalinda taji lake.