Kukarabati hospitali si mageuzi ya mfumo wa afya

Huku Arusha na Moshi, kila wodi mpya ikikatiwa utepe tunatangaziwa kuwa ni mageuzi ya mfumo wa afya. Habari za Ukraine nazo tunazisoma hivyohivyo: ukuta uliobomoka, kisha ukuta uliosimama, na msomaji anaambiwa nchi imejenga upya mfumo wake wa afya. Tuviweke sawa.

Mfumo wa afya ni watumishi, fedha, dawa na vifaa, taarifa, uongozi na huduma zenyewe. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyouchambua mwaka 2007. Mageuzi ni kubadili kanuni zinazoviendesha: nani analipa, analipia nini, nani anaamua.

Mfano tunao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kushikwa halmashauri. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo wanapanga matumizi, na Bohari ya Dawa ya serikali (MSD) ikikosa dawa, wananunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Zahanati ya Rombo haikuongezewa hata tofali moja kwa hatua hiyo, lakini haya ni mageuzi kweli.

Sasa Ukraine. Nchi ile ilirithi utaratibu wa Kisovieti wa kuzipa hospitali fedha kwa kuhesabu vitanda. Kitanda kitupu kililipiwa kama chenye mgonjwa, kwa hiyo hakuna hospitali iliyokuwa na sababu ya kuvipunguza. Sheria ya mwaka 2017 iliuvunja utaratibu huo, na mwaka 2018 ikaanza kazi taasisi moja ya taifa ya kununua huduma, NSZU. Mwananchi anajiandikisha kwa daktari wa familia anayemtaka, orodha ya daktari huyo ikilengwa kuwa na watu 1,800, na malipo yanakwenda kwa orodha: mtoto mdogo na mzee wanalipiwa zaidi kuliko kijana. Hospitali nazo ziliingizwa Aprili 2020 kwenye mikataba ya kulipwa na NSZU kwa huduma zinazotoa.

Februari 2022 vita kamili vikaanza na mamilioni wakahama. Fedha ingekuwa bado imefungwa kwenye vitanda, ingeendelea kuhesabiwa kwa wodi zilizokwisha kuwa kifusi huku Lviv, mji wa magharibi, ikifurika wahamaji. Kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na mikataba ipo kwenye mtandao, malipo yaliweza kuelekezwa kwingine, na waliohama wakaruhusiwa kumwona daktari yeyote bila kujiandikisha upya.

Hata hivyo, kulipa kwa idadi ya waliotibiwa kuna hatari yake vitani, na hili wanaosifia mageuzi huliruka. Hospitali iliyo karibu na mstari wa mapigano leo haina wagonjwa, kesho inapokea majeruhi kwa mkupuo. Zamu ya usiku, oksijeni, damu na dizeli ya jenereta lazima viwepo siku zote mbili. Ukiilipa kwa vichwa tu, itafunga milango yenyewe bila kuguswa na kombora. Ndiyo maana katika miezi ya mwanzo hospitali zililipwa kiasi maalumu kila mwezi, wagonjwa wawe wengi au wachache. Umeme nao una mambo yake: ukikatika, chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 ziko hatarini, na huduma isiyoingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki haiwezi kudaiwa malipo.

Ujenzi nao una mtego wake. Shirika la Afya Duniani limethibitisha mashambulizi zaidi ya 2,000 dhidi ya huduma za afya nchini humo tangu Februari 2022, na kishawishi ni kurudisha kila jengo kama lilivyokuwa. Mji uliokimbiwa na familia changa unarudishiwa wodi ya uzazi ya ukubwa uleule, wakati aliyekatwa mguu anatafuta fundi wa viungo bandia na mtu wa kumfundisha kutembea tena. Huo ni ukarabati wa mahitaji ya jana.

Wapo wanaosema vita viishe kwanza, mageuzi baadaye. Uingereza iliziweka hospitali zake chini ya mpango mmoja wa dharura mwaka 1939, ripoti ya Beveridge, iliyotaka huduma ya afya kwa wote, ikatoka Desemba 1942 vita vikiendelea, na huduma ya afya ya taifa ikafunguliwa tarehe 5 Julai 1948. Mawazo hayakungoja mizinga inyamaze.

Tarehe 8 Julai 2024 kombora liliipiga hospitali ya watoto ya Okhmatdyt, Kyiv, na wagonjwa wakahamishiwa hospitali nyingine za jiji. Kuzisimamisha tena wodi zile ni ujenzi, kazi ya heshima, na tuiite hivyo. Tukitaka kuzungumzia mageuzi, tuulize kama fedha ya matibabu ilimfuata mtoto huko alikopelekwa.