Picha ya kila siku: ni mradi wa namna gani?

Picha ya kila siku ni mradi binafsi wenye sharti moja: unapiga picha moja kila siku, unaiweka pamoja na zilizotangulia, kesho unaendelea. Hakuna anayekutuma wala anayekulipa. Wengi hujipangia mwaka mmoja, yaani picha 365, au 366 mwaka ukiwa mrefu. Wengine hawajiwekei mwisho.

Usiuchanganye na kuweka picha kwenye status ya WhatsApp kila asubuhi. Status hufutika baada ya saa 24, na huwekwa ili watu waione leo. Picha za mradi huu hutunzwa, na kazi yake huanza zikishakuwa nyingi. Chukua beseni la dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Picha moja ya beseni hilo haimwambii mtu wa Mwanza jambo asilolijua. Zipange mia mbili kwa tarehe, utaona kuna siku mabeseni yamefurika na siku yamepwaya, na siku hizo zinarudi kwa zamu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wengi wa dagaa hupumzisha mitumbwi. Kwa hiyo mwandamo wa mwezi unasomeka kwenye mabeseni, ingawa mwezi wenyewe hukuupiga picha hata mara moja.

Mtu anayetajwa sana katika jambo hili ni Jamie Livingston, Mmarekani wa New York. Alianza Machi 31, 1979, akitumia kamera ya Polaroid SX-70, ile inayotema picha palepale. Filamu yake ilikuwa ghali na pakiti moja ilikuwa na picha kumi tu, hivyo kupiga moja kwa siku hakukuwa mapambo ya mradi. Mfuko nao ulisema hivyo. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 18: marafiki, sahani za chakula, barabara, kisha hospitali alipougua saratani, na harusi yake. Picha ya mwisho ni ya Oktoba 25, 1997, siku aliyotimiza miaka 41, na ndiyo siku aliyofariki. Jumla zilipita 6,000. Ukizitazama moja moja, nyingi ni za kawaida kabisa. Ukizifuata kwa mpangilio, unasoma maisha ya mtu bila maelezo hata mstari mmoja.

Livingston alikuwa huru kupiga chochote. Wapo wanaopiga uso wao wenyewe. Karl Baden wa Boston alianza Februari 23, 1987: uso uleule, kamera ileile, pazia lilelile la nyuma, mwanga uleule. Noah Kalina naye alianza Januari 2000 akiwa kijana wa miaka 19, na mwaka 2006 akaziunga picha zake kuwa video iliyotazamwa na mamilioni ya watu. Namna ya tatu ni kupiga mahali pamoja, kwa fremu isiyohama. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani Mwanza inaifaa kuliko miji mingi.

Kuna watakaosema huku hakuna cha kufuatilia. Mji uko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, hatuna theluji wala miti inayopukutika yote kwa pamoja. Hilo ni kweli mpaka uweke fremu mahali pamoja. Kwa kuwa tuko karibu hivyo na ikweta, jua hutupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya hapo huhamia kaskazini, na baada ya hapo kusini. Piga nguzo moja ya katikati ya mji kila siku karibu saa saba kasorobo mchana: Juni kivuli chake kitalala kusini, upande wa Mkuyuni, Desemba kitageuka na kulala kaskazini, upande wa Kirumba. Magharibi hali ni hiyohiyo. Juni jua linazama likiwa limeegemea kaskazini, Desemba limesogea kusini, na vilima vya Sengerema ng'ambo ya ghuba vinakupa alama za kupimia.

Halafu kuna maji. Ukisimama karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck liko mbele yako, na mawe ya ufukweni yanabaki na alama pale maji yalipofika. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 zililipandisha Ziwa Victoria hadi likafikia kile kiwango ambacho wazee walikuwa wakikisimulia cha mwaka 1964. Kwa macho ya kila siku, ziwa linapanda polepole mno kiasi cha kutoonekana, hadi siku linapoingia kwenye vibanda. Mfululizo wa picha za jiwe moja ungeonyesha sentimita kwa sentimita. Hali kadhalika Kigongo: mtu ambaye angesimama pale kila siku tangu 2020 angekuwa na picha za foleni ya magari yakisubiri kivuko, nguzo zikiota majini, na hatimaye daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025.

Kuhusu masharti, jiwekee machache na yawe mepesi: saa, mahali, au mada. Siku hizi simu hupiga mia kwa dakika bila gharama ya filamu, kwa hiyo nidhamu ambayo Livingston alilazimishwa na pakiti inabidi ujilazimishe mwenyewe. Chagua moja siku ileile, nyingine futa. Ukikosa siku, acha pengo. Wapo wanaopiga mbili kesho yake ili kufidia. Mimi naona huko ni kudanganya daftari lako mwenyewe. Baden alisahau siku moja mwaka 1991, mradi haukufa. Na usingoje siku nzuri. Siku ya mvua, umeme umekatika, hujatoka nyumbani, piga ndoo inayokinga maji ya paa.

Watu ni suala jingine. Sokoni mtu mwenye simu anayerudi kila siku huzua maswali, na ni haki yao kuuliza. Salimia kwanza, eleza unachofanya, na usimpige mtu usoni bila ridhaa yake. Ukishazoeleka utaitwa mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kutangaza sura ya mtu bila idhini si utovu wa adabu tu. Bandarini, kwenye vivuko na mahali popote penye mlinzi, uliza kabla ya kunyanyua simu.

Kilichobaki ni utunzaji. Lipe kila faili jina la tarehe, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-06-19. Ukifanya hivyo zitajipanga zenyewe. Andika sentensi moja ya maelezo kama unaweza, kwa sababu baada ya miaka mitatu hutakumbuka ule mtumbwi ulikuwa wa nani. Kila mwisho wa mwezi nakili zote kwenye flashi au memori kadi inayobaki nyumbani. Simu inayopelekwa ufukweni kila siku kuna siku itadondoka majini.