Hazani si rabi, wala si msanii wa dini

Kila rekodi ya zamani ya Yossele Rosenblatt inapozunguka mitandaoni, chini yake utakuta watu wameandika "rabi mwenye sauti ya ajabu". Sauti, sawa. Lakini kazi iliyompa umaarufu haikuwa ya urabi: alikuwa hazani.

Hazani, ambaye wengine humwita kantori, ni mtu anayeongoza sala kwa sauti katika sinagogi. Rabi ni mwanachuoni: anafundisha sheria na kuamua maswali yake. Sala ya jamaa haimngoji rabi. Inataka watu wazima kumi, ambao kwa Wayahudi wa Kiothodoksi, yaani wanaoshika mapokeo ya kale, ni wanaume, na mmoja wao wa kuiongoza. Sinagogi isiyoweza kumlipa hazani humsimamisha muumini yeyote anayezijua sala, na ibada inaendelea. Wapo pia wanaosema hazani ni mwadhini wa Kiyahudi. Mwadhini huwaita watu waje. Hazani huanza kazi wakishafika. Kama ni lazima kulinganisha, yuko karibu zaidi na imamu.

Linalonikera hasa ni jina la "msanii wa dini", ambalo wengine humpa hazani. Najua lilikotoka: kantori ni neno la Kilatini lenye maana ya mwimbaji. Hazani wa kale, hata hivyo, hakupewa kazi kwa ajili ya koo lake. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ni mtumishi wa sinagogi, anayelichukua gombo la Torati na kumkabidhi mkuu wa sinagogi. Fungua Luka 4:20: Yesu anamaliza kusoma, anakifunga chuo, yaani gombo, anamrudishia "mtumishi". Wataalamu wengi husema mtumishi huyo ndiye hazani. Uimbaji ulikua baadaye, vitabu vya sala vilipokuwa adimu na wengi hawakuzijua sala kwa moyo. Aliyezijua alizitamka kwa niaba yao, nao wakaitikia Amina. Kwa Kiebrania huitwa pia shaliah tsibur, mjumbe wa jamaa. Ndiyo maana katika sinagogi za Kiothodoksi husali akielekea sanduku la Torati, mgongo kwa watu. Msanii gani huwapa mgongo wasikilizaji wake? Wala hachagui mahadhi apendavyo: Ijumaa jioni ina yake, Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ina yake, na wazee wa mstari wa mbele husikia mara moja akichanganya.

Rosenblatt aliujua mpaka huo vizuri kuliko wengi. Alizaliwa mwaka 1882 Bila Tserkva, Ukraine ya leo, akatumikia katika miji ya Munkács, Pressburg na Hamburg, kisha mwaka 1912 akahamia New York kwenye sinagogi ya Ohab Zedek, Harlem. Mwaka 1918 kampuni ya opera ya Chicago ilitaka aimbe nafasi ya mhusika Eléazar katika opera iitwayo La Juive, kwa dola 1,000 kila onyesho. Zilikuwa fedha nyingi mno. Aliahidiwa kwamba ndevu zake hazitaguswa na kwamba hataimba siku ya Sabato. Bado jibu lilikuwa hapana: jukwaa la opera halikupatana na kazi yake takatifu.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kujifungia. Aliimba kwenye kumbi za tamasha na kurekodi sahani za santuri, zikiwemo za sala. Gazeti la Kiyahudi aliloliwekea fedha lilipomfilisi mwaka 1925, alizunguka kumbi za burudani za Marekani ili kulipa madeni. Katika filamu The Jazz Singer ya 1927 anaonekana kama yeye mwenyewe, akiimba wimbo usio wa ibada kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kol Nidre, sala inayofungua Yom Kippur, alikataa kuiimba humo. Kuimba mbele ya watu hakukuwa tatizo kwake. Swali lilikuwa nini kinaimbwa, na wapi. Alifariki Jerusalem mwaka 1933, alikokwenda kwa kazi ya filamu nyingine, akazikwa Mlima wa Mizeituni.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosambaza rekodi zake, sifa zenu ni za haki na msiziache. Badilisheni tu hilo neno la mwanzo: andikeni hazani Yossele Rosenblatt. Na anayeona hazani ni geni mno, kantori pia linakubalika, almuradi asimwongezee "wa injili".