Kuimba tunaimba sana, vyombo ndo vimetutoka

Ukikaa na wazee hapa Iringa mada ikigusa utamaduni unajua kabisa itaishia wapi, zamani bwana kila mtu alicheza, nyie wa leo kazi kuangalia simu tu. Mi nafundisha muziki na nakusanya nyimbo za huku Nyanda za Juu Kusini, na hiyo hoja naikubali nusu.

Hivi hao wanaosema tumekuwa watazamaji, kwaya wanaziweka wapi? Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe 1891, na sa hizi nenda Tukuyu, Makambako, Njombe, popote, uliza kwaya, utatajiwa ya vijana, ya akina mama, ya uinjilisti, na kila moja ina mazoezi yake, sare zake na mtunzi wake, yaani mama kashinda sokoni anauza nyanya afu jioni anaimba sauti ya pili bila kusoma popote. Godfrey na Monica Wilson walivyokuwa wanatafiti Wanyakyusa miaka ya 1930 waliandika wanaume wanavyocheza ngoma na mikuki mazishini. Leo msibani kwaya ndo inaimba mpaka kaburini. Mikuki haipo ila msiba haujakosa wa kuuimbia.

Sasa nusu ya pili ni vyombo, hapo wazee wana haki japo wenyewe hawaisemi. Mhehe ana ligombo, chombo cha nyuzi, ubao umechongwa shimo kama kihori halafu uzi mmoja unapitishwa kwenda na kurudi mpaka unapata nyuzi kadhaa, ndugu yake ni enanga ya Wahaya na inanga ya Burundi. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alivyopita Tanganyika na mashine zake za kurekodi mwaka 1950 alilirekodi. Leo wanafunzi wangu wengi wamelisikia kwenye rekodi tu, wanachokijua ni kibodi na biti iliyomo humo humo ndani, ndo maana nyimbo za kwaya kumi unaweza ukadhani ni moja.

Na kibodi sio tu inazoesha mikono uvivu, inabadilisha hata sikio. Majirani zetu Wagogo skeli yao, yaani noti wanazoimbia, inafuata milio ya asili ya uzi, kuna noti moja pale inakaa chini kidogo kuliko ile ya kibodi, kama theluthi ya nusu toni hivi (nusu toni ndo hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake kwenye kibodi), ukimpigia mzee wimbo wake kwa kibodi atakwambia hapo hapana, na wewe unaona mbona niko sawa!

Hata magitaa na matarumbeta yalikuwa na mwenyewe. Miaka ya 80 kiwanda cha kukata almasi hapa Iringa kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, wanamuziki wa shirika kabisa. Siku hizi kampuni ikiwa na sherehe inaita MC na DJ, basi.

Kwa hiyo mi sihesabu ngoma zilizokufa, naulizia mafundi. Kijana akitaka kibodi namwelekeza dukani, akitaka ligombo tunaanza kwanza kumtafuta anayejua kulichonga.